Mjukuu wa Mkunga Aliyeleta Kura

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimeanza kuandika shajara. Watafiti wakubwa wote huandika shajara, na tangu saa nne asubuhi ya leo mimi ni mtafiti.

Ilikuwa hivi. Ukumbi wa umoja wetu wa wanawake umekwisha. Bati limepigwa, sakafu imekauka, rangi bado inanuka. Limebaki jina. Mwenyekiti ametangaza kwamba ukumbi utapewa jina la mwanamke aliyewaongoza wenzake kudai kura katika mji huu, miaka sitini na miwili iliyopita. Mwenye ushahidi aulete Jumapili, wanachama wapige kura.

Sikungoja amalize. Nikasimama nikasema ni bibi yangu mzaa mama, mkunga wa mji mzima. Nani asiyejua? Nusu ya waliokuwa pale walizaliwa mikononi mwake. Makofi! Machache, lakini mazito.

Kisha akasimama wifi. Huyu ni dada wa mume wangu, tena ndiye katibu wa umoja, na tangu niolewe hajaniacha nimalize sentensi. Akasema, kwa sauti yake ile ya kusomea muhtasari, kwamba yeye ana jina jingine: mama yake. Yaani mama mkwe wangu! Bibi wa miaka themanini na sita anayeshinda barazani akichambua mboga. Miaka thelathini na mitatu ya ndoa yangu sijamsikia akitaja kura. Sijamuuliza, ni kweli, lakini jambo kubwa namna hiyo mtu angelitaja.

Haya, vita vimeanza. Nimeazima maktaba kitabu cha historia ya wanawake na kura duniani. Nimesoma kurasa tisa. Kumbe kule Nyuzilandi, mwaka 1893, waligundisha karatasi za sahihi moja baada ya nyingine, wakazizungusha kwenye mpini wa ufagio, wakazipeleka bungeni. Mpini wa ufagio! Nimekwenda kuutazama wangu. Unafaa.

Mume wangu, fundi saa, ameuliza kama nitaanza kwa kumuuliza mama yake. Nimemwambia historia haiulizwi kwa watu, hutafutwa kwenye karatasi. Akarudi kwenye saa zake.

Jumanne, 7 Mei

Nyaraka za mji zimewekwa chumba cha chini ya ngazi, nyuma ya ofisi za halmashauri. Mtunzaji nimempa jina Bwana Kimya, maana anaongea kana kwamba kuna mtoto amelala. Amechukua mkoba wangu, kalamu yangu na chupa yangu ya chai, akanipa penseli fupi na glavu nyeupe. Nilipozivaa nikajisikia daktari bingwa.

Nikamweleza mimi ni nani na bibi yangu alikuwa nani. Akasema nijaze fomu.

Saa mbili nzima nasoma barua za mifereji na leseni za mbwa. Uvumilivu wangu ni wa ajabu, ningependa iandikwe mahali. Ndipo nikalipata. Jalada jembamba la kijivu: Maombi ya Wanawake Kuruhusiwa Kupiga Kura ya Baraza la Mji. Karatasi nne, hati moja nzuri, majina mia moja na kumi na mawili, na mbele ya kila jina alama ya dole gumba. Na namba moja ni nani? Bibi yangu! Nikapiga kigelegele. Bwana Kimya akainuka kitini, jambo ambalo sidhani amelifanya tangu aajiriwe.

Nikatafuta jina la mama mkwe. Namba thelathini na saba. Thelathini na saba, wifi!

Machozi yalinitoka, sitaficha. Wanawake wale, na kuni vichwani, na watoto migongoni, kuja mmoja mmoja kuweka dole gumba kwa kitu ambacho hawajawahi kukiona. Na mbele yao bibi yangu. Nilijivuna mpaka mbavu zikauma.

Nimepiga picha kwa simu. Nyuma ya maombi kulikuwa na karatasi nyingine kadhaa, sikuzisoma. Mtafiti hodari anajua pa kuishia.

Jumatano, 8 Mei

Duka letu ni moja lakini lina pande mbili. Upande wangu ni kutoa kopi, kupiga chapa, na kuwaandikia barua wasiojua waandike nini. Upande wa mume wangu ni saa. Leo mashine zangu zimefanya kazi ya taifa. Nimeyakuza maombi mpaka kila dole gumba limekuwa kama sahani. Nimegundisha karatasi ishirini na nane, nikazizungusha kwenye mpini wa ufagio, nikaziteremsha dirishani. Watu wamejaa mpaka njia imeziba! Nikagawa na kopi ndogo bure, mia mbili, kila moja na muhuri wa duka.

Wifi akapita. Akasimama kitambo. Akasema hongera, wifi yangu, akaenda zake anatabasamu. Mimi wifi akinuna nalala vizuri. Akitabasamu ndipo pana shida.

Saa kumi mume wangu akatoka nje kunyoosha mgongo, kile kioo chake cha kukuzia bado amekibana jichoni. Akatazama dirisha. Akasogea. Akatazama tena. Akaniita kwa upole, na mume wangu akiniita kwa upole najua pameharibika.

"Mama watoto," akasema, "hawa wanawake mia moja na kumi na wawili wana dole moja."

Nikamwambia watu wa zamani walifanana. Akanipa kioo, akanionyesha kovu, mstari uliopita dole gumba katikati kwa mshazari. Namba moja, kovu lipo. Namba thelathini na saba, lipo. Namba mia moja na kumi na mbili lipo pia, ila wino umefifia, mtu amechoka.

Kovu lile nalijua. Nimelishika utotoni, nikauliza, nikajibiwa ni wembe wa kukatia kitovu.

Nimeteremsha karatasi na kufunga duka mapema. Mjini zimebaki kopi mia mbili, kila moja na muhuri wangu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeamka na mpango. Bibi hana kosa. Kosa ni la karatasi kuendelea kuwepo. Nitaihamishia kwenye jalada la leseni za mbwa, isimsumbue mtu kwa miaka mingine sitini. Huko si kuharibu nyaraka, ni kuzipanga.

Bwana Kimya akanipa jalada, lakini kwanza akazihesabu karatasi mbele yangu. Kumi na moja. Ananishuku mimi? Mjukuu wa namba moja?

Nikakaa nikingoja aende haja. Haendi. Mtu huyu ameumbwaje? Kwa kukosa la kufanya nikazisoma zile karatasi za nyuma, na heri ningetazama dari.

Ni barua ya karani wa wilaya. Anaeleza kwamba wiki moja baada ya maombi kupokelewa, asubuhi, wanawake tisini na saba walifika ofisini, wakajaa barazani mpaka kwenye ngazi. Hawakuja kudai kura. Walikuja kulalamika! Kila mmoja amesikia kwamba jina lake limo kwenye karatasi ya serikali na mbele yake pana dole gumba lisilo lake. Mkuu wa wilaya, ambaye lugha yetu ilikuwa ikimpita pembeni, alichungulia dirishani, akaona umati, akaketi papo hapo kuwaandikia wakubwa wake kwamba wanawake wa mji wameinuka wote kudai kura na si busara kuwanyima.

Nje, karani akawauliza wanataka nini, majina yafutwe? Mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni akamjibu hapana. Mkiyafuta, mwingine atatuandika tena. Leteni wino, kila mtu aweke dole lake. Karani anasema wino wa ofisi ulikuwa umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo hayupo. Wakasema watangoja. Wakangoja mpaka saa tisa.

Karatasi ya mwisho ni hiyo waliyoiweka. Madole gumba tisini na nane, manene, membamba, yaliyopinda, yaliyochubuka kwa jembe na sabuni, hakuna mawili yanayofanana. Namba moja, mama mkwe wangu. Namba tisini na nane, mwisho kabisa, lenye kovu, bibi yangu.

Niliitazama muda mrefu. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona kwenye karatasi, na mimi nashinda na karatasi. Halafu nikaizungusha nikaichomeka kwenye kilemba.

Mlangoni Bwana Kimya akaniambia, taratibu kabisa, kwamba kilemba changu kinanong'ona. Nikasema kimetiwa wanga. Akahesabu jalada. Kumi. Akaitoa karatasi kichwani pangu kwa mikono miwili yenye glavu, akainyoosha, akaipulizia vumbi. Kisha akanipa daftari la waliopigwa marufuku niweke sahihi. Lilikuwa tupu. Mimi ndiye wa kwanza humo, na nimeweka ile sahihi yangu yenye mkia mrefu.

Ijumaa, 10 Mei

Maji yakizidi unga, mtu huenda kwa mama mkwe. Nimemchukulia ndala mpya, laini, za rangi anayoipenda. Nilikusudia kumzungusha kidogo, tuanze na magoti yake, tuje kwenye hali ya hewa, hatimaye ukumbi. Mama hazunguki. Alikuwa na kopi yangu mapajani, na muhuri wa duka umemkodolea macho. Akaniuliza nimejua lini.

Nikasema juzi. Akasema basi keti, shika bakuli. Nikachambua mboga, naye akasimulia.

Bibi yangu ndiye aliyempokea mume wangu alipozaliwa. Siku zile, akasema, mkunga alikuwa na daftari la vizazi na kijaluba cha wino. Mama aliyetoka kujifungua hakuamshwa. Mkunga alimwekea dole gumba kwa niaba yake, yakaisha. Hakuna aliyelalamika. Basi ilipokuja habari ya kura, bibi yako akaona ni yale yale. Wanawake wana kazi, wana watoto, niwasumbue ya nini? Akakaa jikoni kwake akayaweka yote mia moja na kumi na mawili kabla chungu hakijachemka.

"La mtoto nilimwachia," mama akasema. "Nilikuwa nimelala. La kura nilikuwa macho."

Nikamuuliza kama alimchukia. Akacheka mpaka mboga zikamwagika. Amchukie kwa lipi? Asingewakosea wasingetoka majumbani. Kila mmoja angebaki na ugomvi wake ndani. Siku ile barazani walitazamana, wakajiona walivyo wengi, na waliokuja kwa hasira wakaona haya kurudi na hasira tupu. Kisha wao wenyewe wakamfuata bibi nyumbani, wakamleta, wakamwambia shika foleni. Akashika, mwisho kabisa. Na kijaluba kilichotumika ni chake, maana yule mwenye ufunguo wa kabati hakutokea.

Na mtoto wa mgongoni ni mume wangu! Alikuwepo! Miaka thelathini na mitatu hajaniambia. Nimembana leo jioni, anajitetea eti alikuwa na miezi minane.

Lakini sikia hili. Mama mkwe amesema ukumbi hautaki. Apewe mkunga. Nilimbusu mikono yote miwili. Ila akanishika kidevu, akanitazama sana, akasema Jumapili atasimama aseme mwenyewe. Anaomba hilo moja tu.

"Usinisemee, mwanangu."

Nimeshinda! Nimerudi nyumbani nikiimba, na barabarani nimemwamkia hata wifi.

Jumamosi, 11 Mei

Nimefikiri. Mama ana miaka themanini na sita. Kusimama kunamchosha. Sauti haitafika nyuma. Na akianza kusimulia ataanza na lile dole, na likishatoka lile dole hadharani nani ataikumbuka kazi ya bibi? Huruma imenijaa.

Kwa hiyo nimemwandikia barua ya kujitoa. Maneno yametulia kweli: "Mimi niliyeweka sahihi hapa chini, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu." Sahihi nayo nimemwekea. Nimeitetemesha kidogo, kwa heshima ya umri.

Mume wangu ameuliza kama mama ameiona. Nimemwambia ataisikia kesho pamoja na wengine. Haraka ya nini?

Jumapili, 12 Mei

Ukumbi ulijaa. Nilivaa vizuri kuliko wote, na hilo halikupigiwa kura kwa sababu lilikuwa wazi.

Nilizungumza dakika arobaini. Nyuzilandi, ufagio, yote. Walisinzia wawili tu, na mmoja ana dawa anakunywa. Mwishoni nikatoa barua nikaanza kuisoma kwa sauti ya majonzi. Nilipofika "bila kushurutishwa" nikasikia kiti kinaburuzwa.

Mama mkwe amesimama. Akasema barua hiyo haijui.

Akaomba aione. Akapewa. Akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari, akaikunja, akamwambia mwenyekiti kwamba mwandiko ni mzuri kuliko wake, ila yeye hakuandika na hakutuma mtu. Halafu akasimulia, mwenyewe, kwa sauti iliyofika nyuma mpaka kwa walinzi. Kijaluba, baraza, ngazi, foleni. Hakumsema bibi vibaya hata mahali pamoja. Alisema alikuwa jasiri kuliko wote, tatizo lake moja, alidhani anaweza kuzaa kwa niaba ya kila mtu. Ukumbi ukaangua kicheko, halafu wengi wakalia. Nililia na mimi. Wifi alinipa leso yake, na hilo sitamsamehe.

Mama akamalizia kwa kuomba kura zote ziende kwa mkunga. Akaketi. Nikafuta machozi nikajiweka sawa kwa hotuba ya shukrani.

Wakapiga kura kwa karatasi, ndani ya kopo la rangi lililobaki. Wanawake sitini na watano, kila mmoja anaikinga karatasi yake kwa mkono jirani asione. Wifi akahesabu kwa sauti. Mama mkwe: kura sitini na tatu. Mkunga: mbili.

Mbili! Moja ni yangu. Ya pili, mama mkwe. Amewaomba kwa kinywa chake na wamemkatalia mbele ya macho yake! Mwenyekiti akamuuliza kama ameudhika wenzake kutomfuata. Akasema audhike vipi, siku ile barazani walingoja wino mpaka saa tisa kwa ajili ya hilo hilo.

Walipomtoa nje, huku wanamshika mikono na wengine wanapiga vigelegele, nilisimama mlangoni nikamtazama. Nasema wazi kwa kuwa hii ni shajara yangu: nilijivuna. Nilimwambia mgeni mmoja aliyekuwa karibu nami kwamba yule ni mama mkwe wangu. Akauliza na mimi ni nani. Nikamwambia mtafiti.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeamka mnyonge. Saa tatu nimepona.

Nimetafakari sana yaliyotokea na nimeliona kosa langu. Nililenga kidogo. Ukumbi ni nini? Nyumba. Mbele ya ukumbi ipo barabara, na barabara ile haina jina! Halmashauri inataka maombi ya wakazi wasiopungua hamsini. Barabara ya Mkunga! Hakuna atakayefika kwa mama mkwe kabla hajapita kwa bibi. Wifi mwenyewe, na mafaili yake, kila Jumapili.

Maombi nimeyapiga chapa kabla ya saa sita. Ni mazuri, yana aya saba. Nimeorodhesha wakazi themanini na wanne, nyumba kwa nyumba, wifi akiwa wa kwanza kwa kuwa anakaa kona. Nawajua wote. Barua zao ninaandika mimi, shida zao ninazo mimi, kilichobaki ni alama zao tu.

Mume wangu amenyanyua kichwa kwenye saa yake akaniuliza, kwa upole, kama nitawapitishia waweke wenyewe. Nimemwambia watu wamechoka, wametoka jana tu kwenye mkutano mrefu, kuwagongea milango ni kuwaonea. Akaniuliza kama jana sikujifunza kitu.

Nimejifunza, tena sana! Bibi, Mungu amrehemu, alikosea jambo moja tu. Alitumia dole moja. Mimi ninavyo vidole kumi.

Nimeanza na wifi. Nimempa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kimetoka safi kabisa.